Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuzo ya Wasanii ya Makumbusho ya San Francisco

(Maelezo kamili ya mazungumzo kwa wasanii na wapenzi wa sanaa za ufundi)

Wahenga wamesema, "Mcheza kwao hutunzwa." Maana yake inafahamika na kila aliyewahi kuhudhuria ngoma. Anayecheza mbele ya jamaa zake hutuzwa fedha papo hapo, naye hujua kwamba ameonekana. Lakini mchoraji na mchongaji hawachezi uwanjani. Hufanya kazi peke yao, chumbani, mlango umefungwa, na pengine hupita miaka kumi bila ya mwenye uwezo wa kuwatunza kujua kwamba wapo.

Mazungumzo haya yanahusu chombo kimoja kilichoundwa kwa ajili ya kuubisha mlango huo. Chombo chenyewe ni tuzo inayotolewa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya San Francisco, katika Jimbo la California nchini Marekani, kwa wasanii wanaoishi katika miji iliyoizunguka ghuba ya San Francisco.

ASILI YA TUZO

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1935, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Bibi Grace McCann Morley. Kwa muda mrefu macho ya wanunuzi na wahakiki wa sanaa nchini humo yalielekezwa New York, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka San Francisco. Msanii wa Pwani ya Magharibi aliyetaka kujulikana alishauriwa afunge mizigo yake na kuhama.

Mwaka 1961 wapenzi wa sanaa walioshirikiana na Makumbusho hayo waliunda chama cha kuhimiza sanaa za wakati wao. Chama hicho kinajulikana kwa herufi zake za mwanzo, SECA. Mwaka 1967 tuzo yenye jina hilo ilitolewa kwa mara ya kwanza. Tangu hapo imeendelea kutolewa kwa vipindi, na kwa miaka mingi sasa kwa kawaida hutolewa kila baada ya miaka miwili.

UTARATIBU WAKE

Ifahamike kwamba tuzo hii haikukusudiwa wale ambao sifa zao zimekwisha kuenea. Inamtafuta msanii ambaye kazi yake imekomaa lakini jina lake halijavuma. Kwanza, majina hupendekezwa na watu wanaoijua sanaa ya eneo hilo. Pili, waliopendekezwa huwasilisha kazi zao, nazo huchujwa. Tatu, wahifadhi wa Makumbusho, wakifuatana na wapenzi wa sanaa wanaoiunga mkono tuzo, huwatembelea waliobaki mahali wanapofanyia kazi. Mwisho, wahifadhi huamua.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Picha iliyopigwa haionyeshi ukubwa wa turubai wala unene wa rangi, wala haionyeshi kazi zilizoharibika na kusukumwa pembeni. Anayefika chumbani huyaona yote hayo, na huuliza maswali akajibiwa na mwenye kazi. Hata yule asiyepata tuzo huwa amekaguliwa na wajuzi, na jina lake limebaki katika kumbukumbu zao. Wapo waliotembelewa, wakakosa, wakachaguliwa katika miaka ya baadaye.

Washindi hupata mambo matatu: maonyesho ndani ya Makumbusho, maandishi yaliyochapishwa kuhusu kazi zao, na fedha za kiasi. Fedha hutumika zikaisha. Maonyesho huwafanya maelfu ya watu waione kazi, na maandishi hubaki maktabani kuwa ushahidi kwa mtafiti wa kesho. Miongoni mwa waliopata tuzo hii kabla majina yao hayajaenea mbali ni Barry McGee katika miaka ya 1990, na Tauba Auerbach na Trevor Paglen mwaka 2008.

MWAKA AMBAO JUMBA LILIFUNGWA

Mwaka 2013 Makumbusho yalifunga milango yake ili jumba lipanuliwe, na hayakufunguliwa tena hadi Mei 2016. Ingekuwa rahisi kuisimamisha tuzo kwa kisingizio cha ujenzi, na hakuna ambaye angelalamika kwa sauti kubwa. Badala yake maonyesho ya washindi wanne yalitolewa nje.

Zarouhie Abdalian aliweka kengele juu ya mapaa ya majengo yanayouzunguka uwanja wa mbele ya jumba la halmashauri ya mji wa Oakland. Aliyekuwa akipita na shughuli zake alisikia mlio asioutarajia, akainua uso. Josh Faught, ambaye hufanya kazi kwa nyuzi na vitambaa, alionyesha kazi zake ndani ya jumba la kale la kuhifadhia majivu ya maiti. David Wilson aliwaongoza watu kwa matembezi katika sehemu mbalimbali za mji. Jonn Herschend alitengeneza filamu kuhusu huko kuhama kwenyewe kwa Makumbusho. Hivyo ikathibitika kwamba tuzo ni ahadi kwa wasanii, na ahadi haisubiri rangi ya ukuta ikauke.

MFANO WA MARLON MULLEN

Kati ya washindi wa mwaka 2019 alikuwamo Marlon Mullen, aliyezaliwa mwaka 1963. Kwa miaka mingi amekuwa akichora katika kituo cha sanaa cha NIAD, mjini Richmond, ng'ambo ya ghuba. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1982 kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu. Mullen ni mwenye usonji, na mazungumzo yake ni machache sana. Huchukua jalada la jarida la sanaa, akaliweka mbele yake, kisha akalichora upya kwa rangi nzito, na herufi zikageuka kuwa maumbo.

Hapa ndipo pa kuzingatia. Mtu kama huyu hawezi kusimama mbele ya kamati akajisifu. Angeachiwa methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," angeweza kungoja maisha yake yote, kwani chema kilichofungiwa chumbani hakina mnunuzi. Tuzo hii haikumpa nafasi ya huruma. Aliwekwa katika daraja moja na wenziwe wawili, Sahar Khoury na Kenyatta A.C. Hinkle, na kazi yake ikapimwa kwa kipimo kile kile. Mwezi Desemba 2024 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalifungua maonyesho yake peke yake. Sifa ilimfikia huko New York, naye bado ni mchoraji wa Richmond.

Mwaka huo huo wa 2024 tuzo ilikwenda kwa wasanii watatu. Rose D'Amato ametoka katika ufundi wa kuandika mabango na kupamba magari. Angela Hennessy hutumia nywele na nguo kuzungumzia msiba. Rupy C. Tut ameshika uchoraji mdogo mdogo wa jadi ya Kihindi. Ufundi wa mtaani na urithi wa wazee vimekubaliwa kuwa sanaa ya leo.

MIPAKA YAKE

Haifai kusema mazuri peke yake. Kodi za nyumba katika eneo hilo ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa Marekani, na wasanii wengi wamelazimika kuhama. Fedha za tuzo hazimlipii mtu pango la miaka. Aidha, wanaochaguliwa ni wachache mno kuliko wanaostahiki. Wapo pia wenye khofu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Khofu hiyo ina msingi pale sifa inapotolewa ovyo. Lakini sifa inayotanguliwa na ukaguzi humwongezea msanii wajibu, kwa sababu amejua kwamba kuna jicho linalotambua tembo lililotiwa maji.

Ndugu Wasikilizaji,

Kwa muhtasari, nguvu ya tuzo hii haimo katika wingi wa fedha. Imo katika mambo matatu: kumfuata msanii alipo, kumwonyesha na kumwandika, na kurudi tena baada ya miaka michache. Palipo na taasisi inayoyatimiza hayo, mchoraji aliye peke yake chumbani hufanya kazi akijua kwamba siku moja mlango utabishwa.