Wati za Kwenye Boksi

Mteja wa Runzewe, wilayani Bukombe, hukuta dukani sabufa iliyobandikwa maelfu ya wati kwa bei nafuu. Pembeni ipo seti ya sinema ya nyumbani yenye wati 100 tu, bei yake mara kadhaa ya ile ya sabufa. Huhisi anapigwa.

Kumbe wati hizo hazikupimwa sawa. Za sabufa ya bei nafuu mara nyingi ni PMPO, kilele cha kufumba na kufumbua kisicho na kanuni moja ya vipimo. Za seti ya sinema kwa kawaida ni RMS, nguvu ambayo amplifaya inaitoa mfululizo bila kuchoka. Kazi hiyo mara nyingi hudai transfoma yenye shaba nyingi, alumini ya kupozea joto na boksi nene lisilotetemeka. Ndiyo maana seti hiyo ni nzito kubeba!

Halafu kuna leseni. Kiwanda kinachotumia teknolojia ya sauti ya Dolby Atmos, iliyoanzia kwenye kumbi za sinema mwaka 2012, huilipia. Gharama za utafiti nazo hugawanywa kwa wanunuzi wachache, na kiasi cha kodi ya VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, huongezeka kadiri bei inavyopanda.

Kwa kibanda cha kuonyeshea mpira, sabufa ya kawaida yatosha. Anayetaka sinema sebuleni amuulize muuzaji kwanza: ni RMS au PMPO?