Habari za Mpira wa Magongo: Ulivyofika Kenya, na Mtoto wa Thika Aliyeuongoza

Reli ya kutoka Nairobi hadi Thika ilifunguliwa katika mwaka wa 1913, nayo ilipita Ruiru katikati ya mashamba ya kahawa na katani. Mizigo iliyoshuka katika stesheni hizo ilikuwa mizigo ya kawaida, kama mabati, chumvi, nguo na majembe. Lakini pamoja na mizigo walikuja watu, na watu wahamapo huja na michezo yao. Mafundi wa Kisingasinga waliojua kazi za mbao, mawe na chuma, makarani wa Kigoa, na wenye maduka waliotoka Gujarati, walienea katika miji iliyoota kando ya reli. Wengi wao walitoka katika nchi ambayo mpira wa magongo ulichezwa na kila mtoto aliyeweza kupata kijiti kilichopinda. Habari hii inaeleza jinsi mchezo huo ulivyovuka bahari kutoka Bara Hindi, jinsi ulivyoifanya Kenya iogopwe na mataifa makubwa, na jinsi baadaye ulivyokosa watu wa kuupokea.

Kwa kuwa wasikilizaji wengi wameujua mpira wa miguu kuliko huu, inafaa kwanza kueleza namna unavyochezwa. Kila upande una watu 11. Kila mmoja ana gongo la mti lililopinda kwa chini, na upande wake wa kushoto ni bapa, bali upande wa kulia ni wa mviringo. Mpira hupigwa kwa ule upande bapa tu. Wala hakuna gongo lililotengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kushoto: yeye naye hana budi kujifunza kama wenzake. Mpira wenyewe ni mgumu, mdogo wa kushikika kwa mkono mmoja, na uzito wake ni gramu 156 hadi 163. Mtu akipigwa nao kwenye mfupa wa mguu hukumbuka siku nyingi. Kiwanja kina urefu wa yadi 100 na upana wa yadi 60, na mbele ya kila lango limechorwa duara lisilokamilika, lenye kina cha yadi 16. Mchezaji akipiga kutoka nje ya mstari huo na mpira ukaingia langoni bila kuguswa na mwenziwe aliye ndani, si bao. Kuugusa mpira kwa mguu ni kosa, ila kwa mlinda lango peke yake.

Katika siku zinazosimuliwa hapa, mchezo ulikuwa wa vipindi viwili vya dakika 35, nao ulianza kwa wachezaji wawili kusimama uso kwa uso na kugonganisha magongo yao mara tatu kabla ya kuugombea mpira. Desturi hiyo ya kuanzia mchezo iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na siku hizi wakati umegawanywa katika robo nne za dakika 15.

Waingereza ndio walioupeleka mchezo huu Bara Hindi, hasa kwa njia ya askari wao. Lakini wanafunzi waliwapita walimu upesi sana. Katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, mwaka wa 1928, timu ya India ilifunga mabao 29 bila kufungwa hata moja. Ikashinda tena mwaka wa 1932, na tena mwaka wa 1936. Mwaka wa 1948, mwaka mmoja tu baada ya India kupata uhuru, timu yake ilikutana na Waingereza huko huko London katika mchezo wa mwisho, ikawafunga mabao 4 kwa 0. Furaha iliyokuwako Bombay na Delhi siku hiyo haihitaji kuelezwa. Pakistan, iliyozaliwa mwaka wa 1947 kwa kugawanywa nchi, iliendelea na ufundi ule ule, na mwaka wa 1960 ikainyang'anya India nishani ya dhahabu kwa bao moja.

Mchezaji aliyesifiwa kuliko wote alikuwa Dhyan Chand, askari wa jeshi la India. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1947 alishuka Mombasa pamoja na timu ya India, kwa mwaliko wa Wahindi wa Afrika Mashariki ambao walitaka timu ije pamoja naye au isije kabisa. Alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 40, umri ambao watu wengi wamekwisha tundika magongo yao ukutani. Hata hivyo, katika michezo 22 ya safari hiyo alifunga mabao 61. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha walimu wa vijana wa Kenya walikuwa watu wa namna gani.

Vijana hao walijifunzia wapi? Jambo hili lataka kuelezwa kwa kirefu, maana ndilo mzizi wa mengine yote. Katika Kenya ya ukoloni kila taifa lilikuwa na shule zake, hospitali zake, na viwanja vyake. Wahindi wenyewe waligawanyika tena kwa dini na kwa kabila. Masingasinga walikuwa na Sikh Union, Wagoa walikuwa na klabu zao, na Waislamu walikuwa na zao. Kila klabu ilikuwa na kiwanja, na mashindano kati yao yalikuwa makali. Mtoto wa Kisingasinga alitoka shuleni, akala, akachukua gongo la kaka yake, akaenda uwanjani kuwatazama wakubwa hadi jua kuchwa. Siku mtu mmoja alipopungua, aliitwa yeye. Hakuna serikali iliyopanga mambo hayo, wala hakuna fedha nyingi zilizotumika. Yalikuwa malezi.

Kwa upande wa Ruiru na Thika, klabu za michezo za walowezi zilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika aliyeingia humo aliingia kupika, kufyeka majani au kubeba vyombo vya gofu. Klabu za Wahindi nazo zilikuwa za wenyewe. Mtoto wa mfanyakazi wa shamba la kahawa aliweza kuuona mpira wa magongo kwa mbali, kupitia ua. Gongo zuri lilitoka Sialkot au Jalandhar, nalo lilikuwa na bei. Mpira wa miguu, kinyume chake, waweza kutengenezwa kwa matambara na kamba, ukachezwa na watoto 20 kwa gharama ya bure. Basi si ajabu kwamba mchezo mmoja ulienea mashambani na mwingine ukabaki mjini, katika mikono ya watu wachache. Watu wengine husema kwamba Waafrika hawakuupenda mpira wa magongo. Haki ni kusema kwamba hawakupewa gongo.

Katika mji huo wa Thika, tarehe 22 Machi mwaka wa 1938, alizaliwa Avtar Singh Sohal, ambaye wachezaji wenziwe walimwita Tari. Alikuwa mlinzi wa nyuma, nafasi isiyoleta sifa nyingi, kwa kuwa watazamaji hupenda kukumbuka aliyefunga, wala si aliyezuia. Aliichezea Sikh Union ya Nairobi, na mwaka wa 1957, akiwa kijana wa miaka 19, akaanza kuichezea Kenya.

Timu aliyoingia ilikuwa imekwisha ona dunia. Mwaka wa 1956 Kenya ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, na timu ya magongo ilikuwa miongoni mwa waliosafiri. Ilishika nafasi ya 10. Miaka minne baadaye, huko Roma, ilifika robo fainali ikakutana na Waingereza, yaani wakati huo koloni lilicheza na mtawala wake. Dakika za kawaida zikaisha bila mshindi, muda wa ziada ukaongezwa, na mwishowe Kenya ikafungwa mabao 2 kwa 1. Ikahesabiwa ya 7 duniani.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata timu yake ya magongo ilikwenda India, na katika mji wa Jabalpur ikawashinda Wahindi nyumbani kwao. Fikiria jambo hilo: wana wa wahamiaji wanarudi katika nchi ya babu zao, wamevaa nguo za nchi nyingine, na kuwashinda walioufanya mchezo huo kuwa mali yao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1964 ilikuwa zamu ya Tokyo, Olimpiki ya kwanza ambayo Kenya ilikwenda chini ya bendera yake yenyewe. Wengi wanakumbuka Tokyo kwa ajili ya Wilson Kiprugut, aliyeleta nishani ya kwanza ya Kenya katika mbio za mita 800. Wachache wanakumbuka kwamba timu ya magongo, iliyoongozwa na yule mzaliwa wa Thika, ilishika nafasi ya 6. Pamoja naye walikuwako watu kama Hilary Fernandes na Surjeet Singh Panesar. Majina yenyewe yaonyesha nguvu ya timu hiyo ilitoka wapi: Masingasinga na Wagoa, waliogombana kila Jumamosi katika klabu zao, wakawa kitu kimoja siku ya safari.

Tari aliongoza timu tena Mexico mwaka wa 1968, ikawa ya 8, na tena Munich mwaka wa 1972. Lakini kilele kilikuwa Barcelona, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji, Spain, kwa bao moja tu. Katika mchezo wa kugombea nafasi ya tatu ilikutana na India, na muda wa kawaida haukutosha kuwatenganisha. India ikashinda 2 kwa 1 katika muda wa ziada. Kenya ikawa ya 4 duniani. Hakuna timu ya wanaume kutoka Afrika iliyopata kufika hapo tena. Tari alipoacha kucheza mwaka wa 1972 alikuwa amecheza michezo ya kimataifa 167, hesabu iliyoandikwa katika kitabu cha Guinness.

Huko Munich Kenya ilishuka hadi nafasi ya 13, na sababu haikuwa siri. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilionyesha Wahindi 176,613 katika Kenya. Hesabu ya mwaka wa 1979 ilionyesha 78,600. Katikati ya miaka hiyo zilikuja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara za mwaka wa 1967, na mwaka wa 1968 Uingereza nayo ikaanza kufunga mlango, basi watu wakakimbilia ndege kabla mlango haujafungwa. Duka likiuzwa, mnunuzi hupatikana. Kiwanja cha klabu hakina mnunuzi wa malezi yake. Kaka aliyekuwa akimwachia mdogo wake gongo alikuwa sasa Birmingham au Toronto, na kwa upande wa pili wa ua hapakuwa na mtoto aliyefundishwa kulishika.

Likaja na jambo la pili. Katika Olimpiki ya Montreal, mwaka wa 1976, mpira wa magongo ulichezwa kwa mara ya kwanza juu ya zulia la majani ya kutengenezwa badala ya majani ya kweli. Kenya haikucheza huko, maana nchi nyingi za Afrika zilisusia Michezo hiyo kwa sababu ya safari ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini. Wala haikwenda Moscow mwaka wa 1980. Ilipotoka nje tena, mchezo ulikuwa umebadilika. Juu ya zulia mpira hauruki wala haupindi, huenda mbio na moja kwa moja, na nguvu za mapafu zina thamani kuliko ujanja wa kifundo cha mkono. Ujanja huo ndio uliokuwa mtaji wa India, Pakistan na Kenya. Zulia moja lina gharama ambayo shule ya kawaida haiwezi hata kuiota.

Hata hivyo mchezo haukufa. Shule za sekondari zilipofunguliwa kwa watoto wa kila kabila, magongo yalianza kupita katika mikono mipya, hasa katika magharibi ya nchi, ambako shule kama St. Anthony's ya Kitale na Friends School ya Kamusinga zilijenga sifa kubwa. Katika timu iliyokwenda Los Angeles mwaka wa 1984 walikuwamo Peter Akatsa, Michael Omondi na Lucas Alubaha, na mkono wa Tari aliyekuwa sasa mwalimu ulionekana katika kizazi hicho. Mwaka wa 1987 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika, na Kenya ikashinda katika mpira wa magongo, ikapata njia ya kwenda Seoul. Huko, mwaka wa 1988, ilikuwa ya 12 kati ya timu 12. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka wa 2024, timu ya magongo ya Kenya ilikuwa haijarudi katika Olimpiki.

Mazulia katika Kenya ni machache sana, na kijana anayejifunza mchezo huu katika ardhi nyekundu ya Ruiru au Thika hujifunza mpira unaoruka. Akichaguliwa kwenda Nairobi kujaribiwa juu ya zulia, siku ya kwanza hupiga mahali ambapo mpira ulikuwa, nao umekwisha pita.