Sehemu Inayopaswa Kufichwa



Wazazi wa wahitimu hawa wa biokemia, mna haki ya kujua vijana wenu walikesha wakisoma nini. Nitaje jambo moja tu. Protini huzaliwa ikiwa uzi mrefu wa asidi amino, na nyingi hazifanyi kazi mpaka zijikunje zipate umbo lake. Christian Anfinsen, aliyetunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba maelekezo ya umbo hilo yamo ndani ya uzi wenyewe. Lakini seli imesongamana, na nyuzi zilizokunjika nusu hunasana zikawa bonge lisilofaa kitu. Hapo ndipo zinapohitajika protini ziitwazo chaperoni.

Zinamjuaje mhitaji? Hsp70, mojawapo ya chaperoni hizo, haiulizi protini ni ya aina gani. Protini iliyokomaa huficha ndani sehemu zake zinazokimbia maji. Changa, au iliyoharibiwa na joto, huziacha wazi. Hsp70 hukamata kipande kifupi cha sehemu hizo, kama asidi amino 7 hivi. Ikiwa imebeba ATP, molekuli ya nishati ya seli, mfuko wake uko wazi na hushika kwa ulegevu. ATP ikivunjwa, kifuniko hujifunga na uzi hushikwa barabara. ATP mpya ikiingia, uzi huachiwa ujaribu tena kujikunja. Mimi huvutiwa zaidi na huko kuachia, maana protini iliyong'ang'aniwa haikomai.

Zipo chaperoni nyingine. GroEL ya bakteria hupokea protini iliyokwisha kujikusanya ila haijatulia, ikaifungia chumbani peke yake. Hsp90 huzishika protini nyingi zikiwa zimekaribia umbo la mwisho, kama vipokezi vya homoni za steroidi.

Haya yanatuhusu. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hutoka kwa mbu akaingia kwenye damu yenye joto, kisha akakabili homa ya mgonjwa. Chaperoni humsaidia kuhimili, na Hsp70 yake moja huipeleka hadi ndani ya chembe nyekundu aliyoivamia. Ugumu ni kwamba Hsp70 zake zinafanana mno na zetu.

Wahitimu, wapo kati yenu watakaoingia maabara za utafiti wa malaria za Ifakara au Kilifi. Nawaomba msiukimbie ugumu huo. Tafuteni dawa itakayozuia chaperoni za kimelea na kuziacha salama za mtoto anayeumwa.