Uwezo, Sababu, Nia, na Ukomo
Mhadhara wa umma, Maganzo, Shinyanga



Mtanzania yeyote aliyekuwa mtu mzima mwaka 1978 anayakumbuka maneno matatu ya Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa mwanzoni mwa Novemba: uwezo, sababu, nia. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, watu wameuawa na ng'ombe wameswagwa hadi ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyehitaji kubembelezwa ili aone sababu. Leo naomba tuweke kando yake neno la nne: ukomo. Taifa lililoshambuliwa lina haki ya kupigana. Wananchi wake nao wana haki ya kuuliza, tangu siku ya kwanza na kila mwaka unaofuata, vita hivyo vitakwisha kwa dalili gani.

Naanza na vita vyetu wenyewe, maana ni rahisi mno kumhoji jirani. Nia ya kwanza ilikuwa kumtoa mvamizi. Kufikia Februari 1979 askari wetu walikuwa Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba kumwondoa Amin kulikuwa halali. Hata hivyo, Julai 1979, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, uliofanyika Monrovia, wakuu wa nchi Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliihoji Tanzania mbele ya Afrika nzima. Nyumbani tuliudhika, lakini swali lao lilikuwa la haki: kumfukuza mvamizi kunaishia wapi, na kuingia katika utawala wa nchi yake kunaanzia wapi? Jeshi letu lilibaki Uganda hadi 1981. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Waliopanga foleni za sabuni na sukari miaka iliyofuata wanajua mikanda hiyo ilifungwa muda gani.

Hapa Usukumani vita vilirudi kwa mlango mwingine. Silaha za Kagera zilizagaa, ujambazi ukaongezeka, ng'ombe wakaporwa kwa bunduki, na kuanzia miaka ya 1981 na 1982, Kahama na Shinyanga, wananchi wakajiunda kuwa Sungusungu, kwa filimbi, pinde na mishale. Wizi ulipungua, na sitaki mtu adharau nafuu hiyo. Mzee aliyeamka akakuta zizi tupu anajua thamani yake. Ila baadhi ya makundi, baada ya kuwamaliza wezi wa kijiji, hayakurudi nyumbani. Yaliendelea kutafuta adui, na adui akapatikana ndani ya boma: bibi kizee mwenye macho mekundu, aliyeyapata kwa miaka mingi ya kupikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe, akaitwa mchawi. Nguvu iliyokusanywa kwa sababu ya kweli ilikosa mtu wa kuiambia kwamba kazi imekwisha. Wenyeji wa mkoa huu hawahitaji kitabu ili kulielewa jambo hili.

Sasa twende Dar es Salaam, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Lori lenye bomu lilifika kwenye lango la ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, likakuta boza la maji limetangulia. Boza lile lilibeba sehemu kubwa ya mlipuko. Walikufa watu 11, na 85 wakajeruhiwa. Katika hao 11 hakuwemo Mmarekani hata mmoja. Wengi walikuwa walinzi wa lango na watu waliokwenda kutafuta riziki yao ya siku. Nairobi, dakika chache kabla, walikufa watu 213.

Tazameni kilichofuata. Upande mmoja, polisi na waendesha mashtaka walifuata nyayo. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akashtakiwa New York pamoja na wenzake watatu, na Mei 2001 wote wanne wakatiwa hatiani. Kila mmoja alipewa kifungo cha maisha. Kesi ilikuwa na jina la mshtakiwa, ushahidi, utetezi, na siku ya hukumu. Upande wa pili yalikuwa makombora. Tarehe 20 Agosti 1998 Marekani ilipiga kambi za Afghanistan na kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Miaka mitatu baadaye, yalipotokea mauaji ya Septemba 11, njia hii ya pili ndiyo iliyopanuliwa.

Tarehe 14 Septemba 2001 Bunge la Marekani liliidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi kwa maneno yapatayo 60 tu. Hayakutaja nchi wala tarehe ya mwisho. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1. Ile moja ilikuwa ya Barbara Lee wa California, aliyesema nchi isikimbilie vita visivyo na ukomo wala shabaha iliyo wazi. Alitishiwa kuuawa, ikabidi apewe walinzi. Vita vya Afghanistan vilichukua miaka 20, na Agosti 2021 Taliban walioondolewa Kabul ndio walioingia tena Kabul. Maneno yale 60 hayakuishia huko: mwaka 2016 serikali ya Marekani iliyatumia kuihesabu al-Shabaab ya Somalia kuwa adui wa vita vilevile, ingawa mwaka 2001 kundi hilo halikuwapo.

Na hapo tunafika kwa jirani. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa pwani ya Lamu na kwenye kambi ya Dadaab. Tarehe 16 Oktoba Jeshi la Kenya, KDF, likavuka mpaka kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mwanzoni ilisemwa ni kuwafuata watekaji. Kisha ikawa kuiteka Kismayu, iliyoanguka Septemba 2012. Wakati huo majeshi ya Kenya yalikwishaingizwa katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, na kazi ikawa kuisimamisha Somalia nzima. Kila shabaha ilipofikiwa, nyingine ilisogezwa mbele. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba mkaa uliopigwa marufuku na Baraza la Usalama uliendelea kusafirishwa kutoka Kismayu hata baada ya KDF kuingia. Jeshi lilikana kuhusika. Kwangu hiyo ni dalili ya kuogopwa kuliko zote, maana vita vikishaanza kuwalisha watu, watakaotaka vikome wanapungua.

Nchi iliyokuwa ilindwe ililia kwa mashambulizi ambayo al-Shabaab walisema ni yao: jumba la maduka la Westgate 2013, watu 67, Mpeketoni 2014, Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi walioamshwa alfajiri kwa risasi. Waliofanya hayo ni wauaji, na hakuna sera ya Kenya inayowapunguzia hatia.

Naomba nisimame kidogo El Adde, Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF huko. Siku 12 baadaye, kwenye kambi ya Moi, Eldoret, marais watatu, Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud na Muhammadu Buhari, walisimama mbele ya wanajeshi na wafiwa kuwaombolezea waliouawa. Idadi haikutolewa. Baadaye Rais wa Somalia alitaja kati ya 180 na 200. Serikali ya Kenya haikutangaza hesabu yake kamili. Mwandishi wa habari Yassin Juma, aliyeandika mitandaoni kuhusu vifo hivyo, alikamatwa. Mama anayemlilia mwanawe hapaswi kusubiri rais wa nchi nyingine amwambie wamekufa wangapi. Kama hesabu ya wafu haiulizwi, basi hakuna linaloulizwa.

Wapo watakaosema: ukitaja tarehe ya kuondoka, unampa adui kalenda. Hoja hiyo ina uzito. Kusini mwetu, Cabo Delgado, Msumbiji, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilivuka Ruvuma na kutufikia Kitaya, Mtwara, mwaka 2020. Kikosi cha SADC, ambacho askari wetu walikuwamo, kiliingia 2021 na kuondoka 2024 huku mashambulizi yakiendelea. Kwa hiyo ukomo si tarehe peke yake. Ni kipimo: barabara gani ipitike, vijiji vingapi virudiwe, nani akabidhiwe ulinzi, na tukishindwa kufikia hapo, tutabadili nini.

Wapo pia watakaosema anayehoji anamtetea gaidi. Maganzo, hili mnalijua kwa jina lingine. Ukiuliza kuhusu risasi na vipigo vya walinzi kwenye uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui, unaweza kuambiwa unawatetea wabeshi, yaani wanaoingia mgodini kwa siri. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mmiliki mkuu wa mgodi huo, bila kukiri kuwajibika kisheria, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71, na ikakiri kwamba yalikuwapo matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na mateso. Wizi wa almasi ulikuwa wizi, na waliouliza hawakuufanya kuwa halali. Waliuliza mtu mwenye ndoo ya mchanga anastahili nini, na mwishowe swali lao likapata jibu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni la kisheria, na ni dogo. Ibara ya 44 ya Katiba yetu inataka, Rais akitangaza hali ya vita, Bunge liitishwe ndani ya siku 14 ili kuamua kama linaunga mkono tangazo hilo. Inahusu kuanza. Tuongeze kwamba kila baada ya miezi 12 serikali irudi bungeni, na iwe hivyo hata kwa operesheni za nje zisizoitwa vita, ikiwa na hesabu ya askari wetu waliokufa, raia waliokufa mikononi mwetu, fedha zilizotumika, na kipimo cha kuondoka kilichoandikwa mwaka uliotangulia. Wabunge wapige kura kwa majina, na kura hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, mahali yanapobandikwa mapato na matumizi.