Baka la Usoni na Yaliyo Nyuma Yake



Mtoto huzaliwa na baka jekundu. Limeanzia kwenye paji la uso, limeshuka hadi ukope wa juu, na limekatika wima katikati ya uso. Kabla kitovu hakijadondoka, ndugu wameshauliza mama alikula nini akiwa mjamzito, au alimcheka nani. Nimechagua kulizungumzia swali hilo kwa sababu sayansi imeshalijibu, ila jibu halijafika majumbani.

Mwaka 1879, jijini London, daktari William Allen Sturge aliwaonyesha wenzake binti wa miaka sita na nusu. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa na baka la zambarau, jicho la upande huohuo lilikuwa kubwa kuliko lenzake, na kifafa kilimshika upande wa kushoto wa mwili. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Sturge alijua tu kwamba nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoendesha nusu ya kushoto ya mwili. Akahitimisha kwamba juu ya ubongo wa mtoto yule lazima pawepo baka la mishipa ya damu kama lile la ngozini. Mwaka 1922 Frederick Parkes Weber akaeleza mabadiliko ya ubongo yaliyoonekana kwa eksirei; ndiyo maana ugonjwa huu huitwa Sturge-Weber.  Mimi namkumbuka Sturge kwa hoja ile ya 1879, iliyojengwa kwa macho na akili tu.

Lakini kwa nini ngozi, jicho na ubongo vishikwe pamoja? Kwa sababu katika wiki za mwanzo za mimba ni majirani. Jicho lenyewe huchomoza kutoka kwenye ubongo, na ngozi itakayokuwa paji hukaa karibu na sehemu itakayokuwa nyuma ya ubongo. Baadaye kichwa kinapokua hutengana, ila hitilafu iliyowapata wakiwa pamoja kila mmoja huondoka nayo.

Hitilafu hiyo ilitambuliwa mwaka 2013 na watafiti wa Marekani. Ni herufi moja iliyobadilika katika jeni iitwayo GNAQ. Jeni hii hutoa protini inayopitisha ishara ndani ya seli kisha hutulia. Ikibadilika, hushindwa kutulia ipasavyo. Kati ya wagonjwa 26 wa Sturge-Weber waliopimwa, 23 walikuwa na badiliko hilo. Lilikuwa kwenye tishu zilizoathirika, tena katika sehemu ndogo tu ya nakala za jeni, kuanzia takribani asilimia 1 hadi 18. Kwa kawaida kipimo cha damu hakilioni.

Maana yake ni kwamba badiliko halikutoka kwenye yai la mama wala mbegu ya baba. Lilitokea katika seli moja, mimba ikiwa imeshatungwa, na wazao wa seli hiyo wakaenea. Msukaji wa mkeka akiingiza ukindu wa rangi nyingine mapema, mstari wake utakwenda mbali; akiuingiza mwishoni, utabaki pembeni. Ndivyo inavyodhaniwa: badiliko la mapema hufika ngozini, jichoni na ubongoni, la baadaye huishia ngozini.

Na kwa wengi huishia ngozini. Watoto wapatao 3 katika kila 1,000 huzaliwa na baka la aina hii, wakati Sturge-Weber hukadiriwa kwa mtoto 1 kati ya 20,000 hadi 50,000. Nadra, mtasema. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Makadirio hayo yakituhusu nasi, ni watoto 40 hadi 100 kila mwaka, na madaktari wengi watamaliza kazi bila kumtambua hata mmoja.

Sehemu ya lawama ni ya vitabu vyetu, vilivyojaa picha za watoto weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Baka huonekana kama kivuli cha hudhurungi au zambarau. Mtazame mtoto kwenye mwanga wa mchana, linganisha pande mbili za uso, bonyeza uone kama rangi inafifia. Likiwa kwenye paji au ukope wa juu, jicho na ubongo viangaliwe.

Jicho ndilo linalonisumbua zaidi. Presha ya jicho huwapata kati ya asilimia 30 na 70 ya wagonjwa hawa, na kwa mtoto mchanga ukuta wa jicho bado ni laini, kwa hiyo jicho hutanuka. Watu husifu: mtoto ana macho makubwa, mazuri! Mtoto huyo anatokwa machozi, anakwepa mwanga, kioo cha jicho kinaingia ukungu, na mshipa wa kuona unakufa taratibu. Dawa ya matone na upasuaji vipo. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kifafa huanza mara nyingi kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Kwetu degedege na homa huhesabiwa malaria, na malaria lazima ipimwe. Lakini degedege linalorudi upande uleule, likimwacha mtoto na mkono mlegevu kwa saa au siku kadhaa, lina jambo jingine, hata kama homa ndiyo iliyolichokoza. Na picha ya MRI iliyopigwa mapema mno inaweza kutoka safi; haitoshi kumfutia mtoto jalada.

Wazazi huuliza pia kuhusu mimba inayofuata. Kwa Sturge-Weber, hatari ya mdogo wa mgonjwa ni ileile ya mtoto wa jirani. Wala mgonjwa mwenyewe hatarajiwi kuwarithisha wanawe. Anaweza kuoa au kuolewa na kuzaa kama wengine.