Habari Yetu Tuiandike Wenyewe

(Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Lamu)



Katika ziara zetu vikundini swali hili halikosi: "Tuna mengi ya kusimulia. Nani atatuchapishia kitabu?" Swali ni zuri, lakini tukianza na mchapishaji tumeanza kushona tanga kabla ya kulaza mkuku. Leo tuanze na habari yenyewe. Uchapishaji utafuata, maana nao umebadilika sana.

KWA NINI TUANDIKE?

Tazameni Habari za Pate. Historia ile ya watawala Wanabahani ilisimuliwa na mzee wa huku huku kwetu, aliyejulikana kama Bwana Kitini. Lakini mwaka 1913 ilitoka kwa Kiingereza, ndani ya kitabu cha afisa Mwingereza, Stigand. Mwenye habari alikuwa wetu, jina kwenye jalada likawa la mgeni.

Na karibuni tumeuona uzito wa maandishi. Mwaka 2012 watu wa Lamu walikwenda mahakamani juu ya bandari mpya ya LAPSSET. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi ilifutwa, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Basi jiulizeni: hakimu asiyewahi kuvua atajuaje mvuvi anapita mkondo gani na samaki gani anapatikana wapi? Lazima awepo wa kumweleza, na maelezo yaandikwe. Jambo lisiloandikwa ni rahisi mtu kusema ati halikuwapo.

MADA SI HABARI

Mtu akituambia, "Nataka kuandika juu ya mikoko," tunamjibu: hiyo ni mada. Mikoko ni bahari nzima, utazama humo. Habari ina mtu, ina jambo analolitaka, ina kizuizi, na ina mwisho tunaotaka kuujua. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje. Haya basi: mkataji wa boriti alifanya nini mwaka ule? Alibadili kazi? Nani aliwalisha watoto? Sasa tumepata habari, na msomaji wa Kisumu atataka kuisoma, ingawa hajauona mkoko hata siku moja.

Mfano mwingine tunao nyumbani. Marehemu Ahmad Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hakujaribu kuandika kila kitu juu ya Waswahili kwa mara moja. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, juu ya chombo kimoja na jinsi kinavyoundwa. Baadaye, katika Umbuji wa Mnazi (1985), alishika mti mmoja. Alichagua kitu kidogo anachokijua vizuri, na ndani yake akahifadhi maneno ambayo yangepotea.

Kwa hiyo kikundi kijipime kwa maswali matatu:

1. Tunajua nini ambacho mtu wa nje hawezi kukijua bila sisi?
2. Ni nani hasa katika habari hii, na alikuwa anataka nini?
3. Tunaweza kuieleza kwa sentensi mbili, mtu akasema, "Enhe, ikawaje?"

Swali la tatu likishindikana, rudini mkazungumze tena na wazee. Kalamu isubiri.

UCHAPISHAJI UMEBADILIKAJE?

Zamani palikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo kazi yake ilikuwa kuwasaidia waandishi wa huku. Siku hizi wachapishaji wengi wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule. Mwaka 2013 vitabu viliwekewa VAT ya asilimia 16. Kisha serikali ikaanza kununua vitabu vya shule za umma moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, na maduka mengi yakapoteza wateja. Mchapishaji anaogopa kitabu ambacho hajui nani atakinunua. Si chuki, ni hesabu.

Lakini mlango mwingine umefunguka. Mashine za sasa zinaweza kupiga chapa nakala 50 au 100 tu. Kijitabu kinaweza kusomwa kwenye simu, na malipo yakaja kwa M-Pesa. Kwa hiyo kikundi kina njia mbili: kumwandikia mchapishaji ukurasa mmoja unaosema habari ni ipi, msomaji ni nani na kwa nini ni ninyi wa kuiandika, au kutoa kijitabu chenyewe. Namba ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa (KNLS).

TUWE MACHO

Mchapishaji na mpiga chapa si mmoja. Mpiga chapa unamlipa wewe. Mchapishaji wa kweli hutumia fedha zake, kisha anakulipa mrabaha. Anayejiita mchapishaji halafu anadai mlipe kwanza, muulizeni vizuri, na msitie sahihi siku hiyo hiyo.

Haki ya maandishi ni yako tangu unapoandika. Sheria ya mwaka 2001 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ujuzi wa jamii, kama dawa za miti au mila, una sheria yake ya mwaka 2016. Huo si mali ya mtu mmoja, hivyo jamii iombwe ruhusa. Na mama aliyekupa habari za nyumbani kwake msomee ulichoandika kabla hakijatoka. Akisema jina lake liondolewe, liondoe.

Ndugu zetu, mafundi wa majahazi wa Matondoni hawasubiri mtu wa Nairobi awaambie mbao gani inafaa. Nasi tusingoje kuambiwa habari zetu ni zipi. Kila kikundi kichague mzee mmoja, katibu mmoja na daftari moja, kianze mwezi huu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kazi gani hapa kijijini inayojulikana na watu wachache tu waliobaki?
2. Nani atawauliza, na nani ataandika?
3. Tungependa nani asome, na anasoma kwa njia gani: karatasi au simu?