Giza la Kaskazini na Taa za Noeli

Jioni ya leo twapenda kuwazungumzia habari za majira ya baridi katika nchi za kaskazini, na sababu ya watu wa huko kupamba nyumba zao kwa ajili ya Noeli majuma mengi kabla ya sikukuu yenyewe. Hizi si habari za kusikia tu. Sisi wa Ifakara tulikaa katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, na baridi ya huko ikawa mwalimu wetu.

Labda mtauliza: watu wa bonde la Kilombero walifuata nini Basel? Urafiki wa miji hii miwili si wa jana. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Basel walianzisha maabara hapa Ifakara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, na maabara ile ikakua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Vijana wetu kadha wa kadha wamekwenda Basel kusoma, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Tulifika mwezi wa Septemba, miti yote ikiwa na majani. Mwezi wa Oktoba majani yakawa manjano na mekundu, kisha yakapukutika yote, tukadhani miti imekufa. Walakini jambo lililotushangaza kuliko hilo lilikuja Novemba, maana tuliona mchana wenyewe unapungua siku kwa siku, kama maji ya mtungi uliotoboka.

Wanafunzi mnaotusikiliza, sababu yake ni hii. Dunia yetu haizunguki ikiwa imesimama wima, imeinama kidogo. Mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huinamia mbali na jua, nao upande wetu wa kusini hulielekea. Ndiyo maana katika Desemba mchana wa Ifakara hupita saa 12, hali mchana wa Basel haufiki saa 9. Huko jua huchomoza saa 2 ya asubuhi imekwisha pita, nalo hutua kabla ya saa 11 jioni. Tena mara nyingi mawingu hulifunika, watu wakae siku nyingi wasilione.

Kuhusu baridi, tulijifunza upesi. Nguo moja nzito haifai kama nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine, kwa sababu hewa iliyo katikati ya nguo hushika joto la mwili. Soksi ziwe za sufu, na kichwa kifunikwe. Nyumba za huko zina mabomba ya maji ya moto yapitayo vyumbani, hata mtu aweza kukaa ndani kwa shati tu. Mmoja wetu alisema kwamba angekuwa na jiko la makaa angelala nalo chumbani. Asikuige mtu maneno hayo, hasa ninyi mkaao penye baridi kama Njombe na Makete. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Basi baridi tuliiweza, lakini giza lilitushinda. Mwenzetu mmoja alianza kunyamaza. Kwanza aliacha kupika, akala mkate mkavu. Halafu akaacha kuja darasani, akawa analala mchana na kukesha usiku. Tulipomgongea mlango alijibu kwamba hana ugonjwa, ila haoni sababu ya kuamka. Tukaogopa sana. Tulikuwa wageni, na nyumbani kwake walikuwa wakitutegemea sisi tumtazame.

Katika nyumba ile alikaa bibi mmoja mzee, mjane. Siku moja, mwisho wa Novemba, alitukuta ngazini, akauliza, "Yule mwenzenu wa nne yuko wapi?" Tukamweleza. Hakutupa pole nyingi. Alisema, "Mleteni kwangu jioni. Nina kazi, na mikono yangu ina baridi yabisi."

Kazi yenyewe ilikuwa kusuka shada la matawi ya msonobari, mti ambao haupukutishi majani hata wakati wa theluji. Juu ya shada huwekwa mishumaa 4, nayo huwashwa mmoja mmoja katika Jumapili 4 za Majilio, mpaka ya mwisho yote inawaka. Bibi alitusimulia kwamba desturi hii ilianza Hamburg, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji Johann Wichern alikuwa akilea watoto maskini, nao walimsumbua kila siku kwa kumwuliza Noeli itafika lini. Akachukua gurudumu la gari la farasi, akapanga mishumaa juu yake, ili kila mtoto ahesabu siku kwa macho yake mwenyewe. Nao mti wa Noeli ni wa zamani zaidi. Mwaka 1605 iliandikwa habari ya watu wa Strasbourg, mji ulio kwenye mto Rhine kama Basel, kwamba walisimamisha misonobari vyumbani na kuitundika matofaa na mawaridi ya karatasi.

Mwenzetu alisuka kimya, lakini alisuka vizuri, kwa sababu nyumbani alizoea kusuka mikeka. Bibi akamwambia, "Jumapili ijayo njoo wewe uwashe mshumaa wa pili. Mimi sifikii." Akaenda. Akaenda na ya tatu. Hata Noeli ilipofika alikuwa amerudi darasani. Hatusemi kwamba mshumaa ni dawa. Mtu akizidiwa na huzuni ya namna ile apelekwe kwa mganga wa hospitali. Twasema kwamba alipata mahali pa kungojewa, na siku ya kuihesabu.

Ndipo tulipofahamu kwa nini watu wale hupamba mapema. Tulikuwa tumedhani ni anasa tu. Kumbe giza lao huanza mapema, nao huwasha taa giza linapoanza, hawangoji likomae.

Tuliporudi Ifakara tulitaka kuwaonyesha watu mambo tuliyoyaona, tukabandika pamba ukutani iwe mfano wa theluji. Mzee mmoja wa kwetu akatazama, akauliza, "Wanangu, pamba hii yamfaa nani?" Tukakosa jibu. Maana Desemba yetu si ya giza. Ni mwezi wa kuandaa mashamba ya mpunga na kupanda. Ghala zimepungua, mavuno ni mpaka baada ya masika, na jamaa wengi huhamia mashamba ya mbali bondeni, wakiacha nyumbani wazee na watoto wa shule. Tena wako wanaouza mpunga wa mbegu ili wanunue nguo za sikukuu, wakaja kulia mwezi wa Februari.

Basi, wasikilizaji, tusiige theluji ya watu. Tuige akili yao ya kutangulia. Mbegu iwekwe kando kwanza, na chandarua cha kwenda nacho shamba kishonwe matundu. Mapambo hayatatugharimu kitu. Mkrismasi huchanua maua mekundu wakati uo huo, makuti yapo, na maembe yameiva. Kisha tutazame jirani gani ameachwa peke yake watu walipokwenda mashambani, tumwite aje kutusaidia kusuka makuti, hata kama kazi hiyo twaiweza wenyewe.

Kwaherini, na Mungu awape mvua njema.